Namba Ipi Iaminiwe? Kipimo cha Kolesteroli na Mafunzo ya Daktari

Sekta ya afya huzalisha namba nyingi, na mbili kati ya hizo zinastahili kusomwa pamoja. Ya kwanza hutoka maabara: kiwango cha kolesteroli katika damu ya mgonjwa. Ya pili hutoka kwenye fomu wanayojaza madaktari mwishoni mwa semina au mwaka wa mafunzo, wakieleza wameridhika kwa kiasi gani na walichofundishwa. Namba hizi hazikai katika faili moja, na wanaozisoma si watu walewale. Hata hivyo zina udugu. Zote mbili zinasimama badala ya jambo jingine. Mgonjwa haumwi kolesteroli. Anaumwa moyo, au anapigwa na kiharusi. Wala hakuna mgonjwa anayepona kwa kuwa daktari wake aliifurahia semina. Tunazipima namba hizi kwa imani kwamba zinatuambia habari ya jambo lililo mbali, ambalo ni gumu kulipima moja kwa moja: maisha ya mgonjwa.

Je, namba ya namna hiyo itimize sharti gani ndipo tuiamini? Utafiti wa kolesteroli umelijibu swali hili kwa miaka zaidi ya mia moja, tena kwa gharama kubwa ya fedha na wakati mwingine ya uhai wa watu. Hoja ya makala hii ni kwamba sharti lilelile lililoipa LDL, kolesteroli iitwayo mbaya, hadhi yake, na kuivua HDL, ile iitwayo nzuri, sehemu ya hadhi yake, linapaswa kutumika kupima mafunzo ya madaktari. Tukilitumia, tutaona kwamba kuridhika kwa daktari ni ushahidi mzuri kwa baadhi ya maswali na ushahidi dhaifu sana kwa mengine.

Safari ya LDL

Mwaka 1913, huko St Petersburg, Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, kisha akaona kuta za ateri zao zikijaa mafuta kama zilivyojaa za binadamu wenye ugonjwa wa moyo. Wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza: sungura hula majani, basi matokeo yake yanamhusu vipi mtu? Jibu lilihitaji watu na muda. Mwaka 1948 utafiti ulianza katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ukiwa na wakazi 5,209. Walipimwa presha, uzito na kolesteroli, wakaulizwa kuhusu sigara, kisha watafiti wakawafuatilia mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1960 picha ilikuwa imejitokeza: waliokuwa na kolesteroli nyingi ndio waliougua moyo zaidi.

Lakini mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelisababisha jingine. Hatua ya pili ilikuwa kujua utaratibu wake mwilini. Michael Brown na Joseph Goldstein, wakifanya kazi Dallas, walichunguza familia ambazo watoto wake huzaliwa na kolesteroli nyingi mno na wanaweza kupata mshtuko wa moyo wakiwa bado wadogo. Waligundua kwamba seli za watoto hao zina upungufu wa vipokezi vinavyoiondoa LDL kwenye damu, na kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Huko Japani, Akira Endo na wenzake walichambua maelfu ya aina za kuvu wakitafuta kitu cha kuzuia ini lisitengeneze kolesteroli. Kutokana na kazi yao kilipatikana kizazi cha kwanza cha dawa za statini, na mwaka 1987 lovastatini iliidhinishwa Marekani.

Hadi hapo wenye shaka walikuwa bado na hoja ya kusikilizwa. Ilijulikana kwamba dawa hushusha namba. Haikujulikana kama kushusha namba huokoa mtu. Jaribio kubwa la nchi za Skandinavia lililotangazwa mwaka 1994 lilifunga mjadala huo kwa sehemu kubwa. Wagonjwa 4,444 waliokwisha kupata maradhi ya moyo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine simvastatini, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka takriban mitano na nusu, waliofariki katika kundi la kidonge kitupu walikuwa 256, na katika kundi la dawa 182. Vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 30. Majaribio mengi yaliyofuata, yalipojumlishwa, yalionyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano.

Uthibitisho mwingine ulitoka kwenye damu ya watu wenye asili ya Afrika. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, nao wa Dallas, walionyesha mwaka 2006 kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani Weusi waliochunguzwa walikuwa wamezaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu kuliko ya wenzao, lakini hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Tofauti ndogo iliyodumu tangu kuzaliwa ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko dawa inayoanzwa uzeeni. Leo zipo dawa za sindano zilizobuniwa kwa kuiga hali ya watu hao.

Hivyo LDL ilipita ngazi tatu. Kwanza, ilionekana ikienda pamoja na ugonjwa. Pili, njia inayopita kuleta madhara ilieleweka. Tatu, na hii ndiyo ngazi iliyotoa hukumu, ilipobadilishwa kwa makusudi, hatima ya watu ilibadilika.

HDL ilivyokwama ngazi ya tatu

Umuhimu wa ngazi hiyo ya tatu unaonekana wazi tukimtazama ndugu yake LDL. HDL imejulikana kwa miaka mingi kama mafuta mazuri, na kwa sababu ya maana: kwa watu wengi, HDL ya chini huandamana na maradhi ya moyo. Maelezo ya kibaiolojia nayo yalipendeza, kwamba HDL hukusanya kolesteroli kutoka kwenye mishipa na kuirudisha kwenye ini. Ngazi mbili za mwanzo zilionekana kupandwa. Kampuni zikatengeneza dawa za kuipandisha. Torcetrapib iliipandisha kweli, tena sana. Kisha, Desemba 2006, jaribio lake lililohusisha wagonjwa wapatao 15,000 lilisimamishwa ghafla kwa sababu waliokuwa wakipewa dawa walikuwa wakifa zaidi ya wasiopewa. Sehemu ya madhara hayo ilitokana na dawa yenyewe kupandisha presha, lakini dawa nyingine zilizofuata zikipandisha HDL bila tatizo hilo nazo hazikuleta nafuu iliyotarajiwa.

HDL bado inasaidia kukadiria nani yuko hatarini. Kilichoshindikana ni kuigeuza iwe lengo la tiba. Somo hili ni zito na linavuka mipaka ya moyo: kitu kinaweza kuandamana na mema, kikawa na maelezo mazuri, na bado kukipandisha kusimfae mtu yeyote.

Kampala na Umasaini

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika historia hii. Mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha katika jarida la Lancet utafiti walioufanya Kampala, alikokuwa Shaper akifundisha Makerere. Walilinganisha Waafrika na Waasia waliokuwa wakiishi nchi moja, chini ya jua moja. Miongoni mwa Waafrika, ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa karibu haupo na kolesteroli ilikuwa chini. Miongoni mwa Waasia, ugonjwa ulikuwa tatizo kubwa na kolesteroli ilikuwa juu. Chakula kilitofautiana sana kati ya jamii hizo, hasa kwa kiasi cha mafuta. Shaper baadaye aliongoza utafiti mkubwa wa moyo nchini Uingereza, lakini swali lake la msingi alikuwa ameshaliuliza Kampala.

Miaka michache baadaye George Mann kutoka Marekani alikwenda kwa Wamasai wa Tanganyika, watu walioishi kwa maziwa na nyama. Katika wanaume 400 aliowachunguza, kolesteroli ilikuwa ya chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba. Wapo walioishika habari hiyo na kusema mafuta hayana neno. Mwaka 1972 Mann mwenyewe alitangaza uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Mafuta na makovu vilikuwemo kwenye ateri zao, kwa kiwango kilichokaribia kile cha wazee wa Marekani. Ila mishipa yao ilikuwa imetanuka kadiri walivyokua, hivyo damu iliendelea kupita. Maisha ya kutembea mwendo mrefu kila siku huenda yalichangia. Anayetaka kuutumia mfano wa Wamasai kuhalalisha sahani ya nyama choma mbele ya runinga hana budi kuusoma utafiti wote.

Hali ya leo imebadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kolesteroli iliyozidi kiwango, na idadi inayokaribiana na hiyo wana presha ya juu. Ule wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao, kipimo ambacho hakihitaji hata tone la damu. Ugonjwa ambao Shaper hakuuona kwa Waafrika wa Kampala sasa una wodi zake, madaktari bingwa wake, na tangu mwaka 2015 taasisi kama ile ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Karatasi ya majibu haijisomi

Mgonjwa anapokabidhiwa majibu, huona namba iliyochapwa na kuichukulia kama hukumu. Mtaalamu wa maabara anajua kwamba nyuma ya namba hiyo kuna mambo mengi. Kolesteroli ya mtu yuleyule, bila kubadili chakula wala dawa, hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 6 kati ya siku na siku. Aliyepata 5.0 leo anaweza kupata 4.6 au 5.4 wiki ijayo na asiwe amepona wala kuugua. Kufungwa kamba ya mkono kwa muda mrefu kabla ya kutoa damu hubadilisha jibu. Kulala au kusimama pia. Aliyepata mshtuko wa moyo akapimwa baada ya siku moja au mbili anaweza kuonyesha kolesteroli ya chini kuliko ile aliyokuwa nayo alipokuwa mzima, na daktari asiyejua hilo ataacha kumpa dawa anayoihitaji kuliko mtu mwingine yeyote wodini.

Isitoshe, LDL katika maabara nyingi haipimwi moja kwa moja. Hukokotolewa kwa kanuni aliyoitangaza William Friedewald na wenzake mwaka 1972: chukua kolesteroli yote, toa HDL, kisha toa sehemu ya trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Kanuni hiyo ni nafuu na imefanya kazi kubwa duniani, lakini trigliseridi zikizidi milimoli 4.5 kwa lita haitumiki, na LDL ikiwa chini sana hukosea. Kuna pia suala la vizio: maabara moja huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Tano ya kwanza ni sawa na 193 ya pili. Mgonjwa anayehama hospitali anaweza kudhani kolesteroli yake imepaa karibu mara 40.

Mfano mzuri zaidi wa jinsi ujuzi unavyochelewa kufika ni suala la kufunga. Kwa miongo mingi mgonjwa aliambiwa asile chochote kwa saa 8 hadi 12. Denmark iliacha sharti hilo mwaka 2009, na mwaka 2016 vyama vya Ulaya vya wataalamu wa mafuta ya damu na wa kemia ya maabara vilitamka pamoja kwamba, kwa vipimo vya kawaida, kufunga si lazima. Takwimu za Copenhagen zilionyesha kwamba baada ya mlo wa kawaida trigliseridi hupanda kwa takriban milimoli 0.3 na LDL hushuka kwa 0.2, tofauti isiyobadili uamuzi kwa wagonjwa wengi. Kufunga hubaki na maana pale trigliseridi zinapokuwa juu sana. Sharti hili likiendelea kudaiwa kwa kila mtu, aliyetoka kijiji cha mbali atarudishwa nyumbani kwa sababu alikunywa chai, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini atahatarisha sukari yake kushuka akiwa foleni.

Juu ya yote, namba ya kolesteroli haisomwi peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka 10, zikiwa zimerekebishwa kwa kanda 21 za dunia, ikiwemo Afrika Mashariki. Chati hizo huunganisha umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Kuna toleo la pili kwa vituo visivyo na maabara, ambalo hutumia uzito na urefu badala ya vipimo vya damu. Kwa zahanati ya wilayani, huo ni ukombozi: kukosa kitendanishi si sababu ya kukosa huduma. Lakini chati inahitaji mtu anayejua kuisoma, kumweleza mgonjwa inamaanisha nini, na kuamua naye hatua ya kuchukua.

Penye miti hapana wajenzi

Mtu angedhani nchi zenye maabara, dawa na miongozo zimeshalimaliza tatizo. Hazijalimaliza. Uchunguzi wa tano wa mfululizo wa EUROASPIRE, uliofanywa mwaka 2016 na 2017 kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 wa maradhi ya moyo katika nchi 27, ulikuta asilimia 71 bado wana LDL iliyozidi lengo la wakati huo. Uchunguzi mwingine wa Ulaya uliofuata, katika nchi 18, ulikuta karibu nusu ya waliokuwa kwenye dawa hawajafikia malengo ya mwaka 2016, na theluthi moja tu ndio waliofikia malengo makali zaidi ya mwaka 2019. Kipimo kilifanyika. Dawa ilikuwepo. Mwongozo ulikuwa umechapishwa.

Sababu ni nyingi, na si haki kumtwisha daktari zote. Wapo wagonjwa wanaoacha dawa baada ya kusikia uvumi, na wapo wanaoshindwa bei. Hata hivyo sehemu ya pengo iko kwenye meza ya daktari: jibu linarudi, namba iko juu, na dozi inabaki ileile. Ndiyo maana swali la kolesteroli, likifuatwa hadi mwisho, hugeuka kuwa swali la mafunzo.

Fomu ya mwisho wa semina

Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe katika ngazi nne: walivyoyapokea washiriki, walichojifunza, walivyobadili utendaji wao kazini, na matokeo yaliyopatikana. Tathmini nyingi huishia ngazi ya kwanza kwa sababu ni rahisi na nafuu. Fomu hugawiwa, washiriki huzungushia namba, vyeti hutolewa, posho husainiwa, na ripoti huandika kwamba idadi kubwa waliridhika sana.

Tunajua kiasi gani ngazi hiyo inaweza kupotosha. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walimleta mbele ya wakufunzi wa tiba na afya ya akili mtu aliyetambulishwa kama Dkt. Myron Fox, mtaalamu wa kutumia hisabati kueleza tabia za binadamu. Alikuwa mwigizaji. Hotuba yake ilitungwa makusudi ijae maneno yanayopingana na mifano isiyohusika, ikitolewa kwa uchangamfu na madaha. Wasikilizaji, wasomi wote, kwa sehemu kubwa waliisifu na kusema iliwachochea kufikiri. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1973, na haujapoteza ukali wake.

Kinyume chake pia kimeonyeshwa. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard waligawa wanafunzi wa fizikia: wengine walisikiliza mhadhara uliopangwa vizuri, wengine walilazimika kutatua maswali wenyewe kwa vikundi kabla ya kupewa ufafanuzi. Waliotatua maswali walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo. Kazi ngumu ya akili iliwafanya waamini kwamba hawaelewi. Ikiwa tutachagua namna ya kufundisha kwa kufuata kuridhika peke yake, tutakuwa tunaiondoa njia inayofundisha zaidi.

Madaktari hawana kinga dhidi ya upotovu huu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalilinganisha jinsi madaktari wanavyojipima wenyewe na jinsi wanavyoonekana wanapopimwa na wengine. Kati ya ulinganisho 20, katika 13 uhusiano ulikuwa mdogo, haukuwepo, au ulikwenda kinyume. Waliokosea zaidi kujipima walikuwa miongoni mwa wenye ujuzi mdogo na kujiamini kukubwa. Nayo mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba mikutano na warsha za madaktari huboresha utendaji kwa takriban asilimia 6 tu, na kwamba mchanganyiko wa mihadhara na mazoezi shirikishi huzidi mihadhara pekee.

Tukirudi kwenye ngazi tatu za LDL, kuridhika na mafunzo kunafanana na HDL. Mara nyingine huandamana na mema. Kuna maelezo ya kuvutia: anayependa somo atalifuata. Lakini ushahidi kwamba kukipandisha kipimo hiki humfaa mgonjwa haupo.

Vituo vya afya vya Södertälje

Je, mafunzo ya daktari yanaweza kupita ngazi hiyo ya tatu iliyopitwa na LDL? Yapo yaliyopita, na kwa bahati njema yalihusu kolesteroli. Katika eneo la Södertälje, karibu na Stockholm, Anna Kiessling na Peter Henriksson waliwagawa madaktari wa huduma za msingi katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipewa mwongozo mpya wa kushusha kolesteroli kwa wenye maradhi ya moyo, na wote walialikwa kwenye mhadhara. Kundi moja liliongezewa jambo moja: kwa miaka miwili, daktari bingwa wa moyo wa eneo hilo aliwafuata kwenye vituo vyao, wakajadili pamoja visa vya wagonjwa vilivyofanana na wale wanaowaona kila siku. Huyu namba yake ni hii, anaogopa dawa, mkewe anasema hivi. Ungefanya nini, na kwa nini?

Baada ya miaka miwili LDL ya wagonjwa wa madaktari hao ilikuwa imeshuka kwa takriban milimoli 0.5 kwa lita, ilhali ya wagonjwa wa kundi jingine haikusogea. Baada ya miaka 10, waliofariki katika kundi la majadiliano walikuwa asilimia 22. Katika kundi jingine, asilimia 44. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, na ukubwa wa tofauti hiyo haupaswi kuchukuliwa kama ahadi kwa kila mahali. Lakini mwelekeo unaendana na kila tunachokijua kuhusu LDL. Watafiti waliufuata mnyororo mzima: darasa, uamuzi wa daktari, damu ya mgonjwa, uhai wa mgonjwa.

Tofauti kati ya makundi hayo haikuwa habari, kwa kuwa habari walipewa wote. Ilikuwa nafasi ya kuamua mbele ya wenzako, kukosolewa, na kurudi tena baada ya miezi kadhaa na kisa kingine. Namna hiyo ya kujifunza huchosha. Huenda isingeshinda kwenye fomu ya kuridhika.

Daktari ni shahidi wa nini?

Itakuwa dhuluma kutumia hoja hizi kuwanyamazisha madaktari wanaolalamika kuhusu mafunzo yao. Tunapomuuliza daktari kama amejifunza, tunamtaka awe hakimu wa jambo ambalo macho yake mwenyewe hayalioni vizuri. Tunapomuuliza kama analala, kama ana msimamizi wa kumpigia saa nane za usiku, kama analipwa, kama anatukanwa wodini, yeye ndiye shahidi bora kuliko mkaguzi yeyote.

Mgomo wa madaktari nchini Kenya mwaka 2024, ulioanza Machi 14 na kudumu siku 56, ulikuwa kwa sehemu kubwa juu ya madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo. Makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ilitaka kuwalipa 70,000. Hakuna fomu ya semina iliyohitajika kujua kwamba hawakuridhika. Nchini Uingereza, Baraza Kuu la Tiba huwauliza madaktari wote walio mafunzoni kila mwaka kuhusu usimamizi, mzigo wa kazi na mazingira, na hospitali inayopata majibu mabaya hufuatiliwa. Huko ndiko kuridhika kunakotumika ipasavyo: kama kengele ya kuonyesha mahali ambapo mafunzo yamegeuka kuwa nguvu kazi ya bei nafuu, na ambapo daktari kijana anakaribia kuondoka.

Daktari aliyechoka hawezi kumweleza mgonjwa wa hamsini wa siku hiyo kwa nini anywe kidonge kwa ugonjwa asiousikia mwilini. Kwa hiyo mazingira ya kazi ni sharti la mafunzo mazuri. Yakishapatikana, bado kuna kazi ya kuthibitisha kwamba mafunzo yenyewe yanafundisha.

Kwa zahanati na hospitali zetu

Mfano wa Södertälje hauhitaji hoteli, projekta wala tiketi ya ndege. Unahitaji daktari bingwa anayekubali kutembelea hospitali za wilaya mara chache kwa mwaka, na visa vilivyochaguliwa kutoka kwenye rejista za hapo hapo. Mezani wakae daktari, tabibu, muuguzi na mtaalamu wa maabara, kwa kuwa huyu wa mwisho ndiye anayejua kitendanishi kiliisha lini na mashine ilihakikiwa lini. Katika wilaya nyingi tabibu ndiye anayewaona wagonjwa wengi zaidi. Mafunzo yanayomruka yanawaruka wagonjwa wake.

Vya kupima vipo pia, na si vigeni. Kati ya walioruhusiwa baada ya mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba kwa mshipa, wangapi waliondoka na statini? Simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007. Kati ya walioanzishiwa dawa, wangapi walipimwa tena ndani ya wiki 4 hadi 12, na wangapi waliobaki na namba ya juu walibadilishiwa dozi? Wagonjwa wangapi wenye presha wamekadiriwa hatari yao kwa chati? Wangapi walirudishwa nyumbani bila kupimwa kwa sababu hawakufunga? Maswali haya yanajibika kwa daftari na kalamu. Yakiulizwa kabla ya mafunzo, kisha mwaka mmoja baadaye, yatatuambia kama fedha ilitumika vema.

Mamlaka zinazotoa leseni na pointi za elimu endelevu kwa madaktari zinaweza kuanza kwa kubadili kile zinachokihesabu. Saa alizokaa daktari ukumbini ziwe na uzito mdogo. Ukaguzi wa majalada ya wagonjwa wake mwenyewe, uliojadiliwa na wenzake, uwe na uzito mkubwa. Wafadhili nao waache kupokea wastani wa kuridhika kama uthibitisho wa mafanikio, kama ambavyo hakuna anayekubali tena dawa ya moyo kwa sababu tu imepandisha HDL.

LDL haikupewa imani yetu bure. Iliijenga kwa sungura, kwa mji mzima uliofuatiliwa miaka mingi, na kwa maelfu ya wagonjwa waliokubali kupangiwa kidonge kwa bahati nasibu. Mafunzo ya watu tunaowakabidhi mioyo yetu yanastahili kudaiwa uthibitisho wa kiwango hicho: kwamba baada ya daktari kufundishwa, mgonjwa wake anaishi muda mrefu zaidi kuliko angeishi kama daktari huyo asingefundishwa.